Vizibo vya Mlima wa Moto

Siku hiyo Kasuku hakuwa na jino bovu hata moja. Alikuwa ameingia kwa daktari wa meno kwa ajili ya kiyoyozi tu, kwa kuwa nje jua lilikuwa kali na kochi la chumba cha kusubiria lilikuwa laini kuliko kitanda anacholalia kwa dada yake. Alijishika shavu, akakunja uso vizuri, akaketi kando ya tangi kubwa la kioo lenye samaki wa rangi na matumbawe yanayopepea kama nywele za bibi harusi.

Kasuku hakupewa jina hilo kwa sababu ya pua. Alipewa kwa sababu ya mdomo. Mdomo ule ulishawahi kuuza manukato yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, na wanunuzi wakarudi kuomba chupa nyingine.

Daktari alitoka na kijisanduku mkononi, akamwonyesha mgonjwa mmoja, mpenzi mwenzake wa matangi.

"Angalia! Vimefika jana kutoka ng'ambo."

Kasuku alichungulia. Ndani ya kijisanduku mlikuwa na vijiwe vyenye kichwa bapa na mguu mmoja mfupi, kama uyoga uliokanyagwa.

"Vizibo vya kupandia," daktari alimweleza kwa ukarimu, maana mwenye tangi haulizwi mara mbili. "Unakata kipande cha tumbawe, unakigandisha hapa juu kwa gundi, mguu unauchomeka kwenye mwamba. Kinakua, unakata tena."

"Na bei yake?" Kasuku aliuliza kwa sauti ya mtu mwenye jino.

Alipotajiwa bei, shavu lilipona hapo hapo. Aliondoka bila kuaga.

Dada yake alikuwa mshonaji, na nyumba nzima ilikuwa chumba cha cherehani, jiko na pembe ya ndugu yake. Jioni alimkuta Kasuku jikoni, mikono imejaa saruji, trei yake ya barafu imevunjika vipande viwili.

"Wewe mtu, unanijengea ukuta kwenye friji?"

"Dada, hiki ni kiwanda."

"Kiwanda kilinunua trei?"

Ikabidi aeleze. Dada alimsikiliza akiwa na pini mdomoni, na kadiri alivyosikiliza ndivyo pini zilivyozidi kusimama.

"Kwa hiyo utawauzia watu saruji."

"Siuzi saruji. Nauza hadithi. Saruji ni kifungashio tu."

Dada alishusha pumzi, akachukua beseni, akalijaza mchanga mbichi. Akakandamiza kifuniko cha chupa, kikaacha kishimo bapa. Katikati yake akadidimiza kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni asichomwe na sindano.

"Mimina humo. Na changanya na chumvi ya mawe. Ikiyeyuka itaacha vitundu, kitu kionekane kimetoka baharini. Kazi mbaya sitaki nyumbani kwangu, hata kama ni ya wizi."

Vilipokauka vilikuwa vizuri kiasi kwamba Kasuku mwenyewe alikaribia kuamini. Alivifunga kwenye kitambaa cha hariri kilichobaki kwenye gauni la mteja, akarudi kwa daktari, safari hii akiwa na meno thelathini na mawili yanayong'aa.

"Daktari, hivi havikutengenezwa na binadamu. Ni mawe ya mlima wa moto uliolala chini ya bahari. Mpiga mbizi mmoja huvitoa, na mpiga mbizi huyo sasa anaugua."

"Masikini! Anaugua nini?"

"Kupiga mbizi."

Daktari alikishika kizibo kimoja, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akaupuliza unga uliotoka. Akamtazama Kasuku kwa muda. Kisha macho yake yakalegea kwa tamaa.

"Nitavichukua vyote. Wenzangu wa matangi watanililia. Ila sina fedha taslimu leo." Akashusha sauti. "Ninacho kitu kingine. Hapana, hapana. Siwezi kukitoa. Mke wangu ataniua."

"Kitu gani?" Kasuku aliuliza haraka.

Alipelekwa chumba cha nyuma. Ndani ya kitangi kidogo kilikaa kiumbe cha rangi ya kahawia, chenye vidole vingi vya kupenyeza mwanga, kikipepea taratibu kama mtu anayeaga meli.

"Malkia wa Kahawia," daktari alinong'ona. "Ukikata kipande kimoja, unapata wawili. Ukikata wawili, wanakuwa ukoo."

Kasuku aliona fedha zinazozaa fedha bila kula wala kulala. Alibembeleza, alisihi, alitaja tena mgonjwa wa kupiga mbizi. Mwishowe daktari, akifuta jicho moja, alikubali kubadilishana. Bila shaka Malkia hawezi kuishi nje ya maji ya chumvi, kwa hiyo Kasuku alilazimika kununua na kitangi, na pampu, na taa, na mfuko wa chumvi, kwa akiba yote ya manukato. Alitoka mlangoni akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto wa mfalme, akicheka moyoni. Amempa mtu saruji, mtu kampa malkia!

Sasa hapa ndipo jambo la ajabu lilipompata. Kitangi kiliwekwa dirishani kando ya cherehani, na Kasuku, ambaye maishani hakuwahi kumwagilia hata ua, akawa anaamka mapema kupima chumvi. Alimlisha Malkia vipande vya kamba wa baharini kwa kibano cha dada yake. Vidole vile vilipokunja chakula na kukiingiza katikati, Kasuku aliita, "Dada, njoo uone, amekula!"

"Nimeona jana," alisema dada.

Malkia alizaa. Akatokea mdogo kwenye kona, mwingine kwenye pampu, watatu kwenye kioo. Ndipo Kasuku alipokumbuka biashara. Aliwabandua wawili, akawatia kwenye chupa, akaenda nao kwenye chumba cha kusubiria, mahali penye wapenzi wa matangi. Mgonjwa wa kwanza kuona chupa aliruka kutoka kwenye kochi.

"Toa kitu hicho! Hayo ni magugu! Yakiingia kwenye tangi yanachoma matumbawe yote, na ukiyakata yanaongezeka. Mimi nimeuza tangi langu kwa sababu yake!"

Daktari alitokea akivua glavu.

"Daktari, umeniibia," alisema Kasuku, na lazima tukiri kwamba maneno hayo yalimtoka kwa uchungu wa kweli.

"Mimi kila siku nachanganya plasta ya kuchukulia umbo la meno," daktari alijibu kwa upole. "Ulidhani nitashindwa kuijua saruji? Tena mbichi! Ningevitumbukiza siku ile, ile chokaa yake ingeua samaki wangu wote." Akafungua kabati: ndoo zimepangwa, ndani yake vizibo vimelowekwa. "Vikishakaa majini wiki kadhaa, ukibadilisha maji, vinapoa. Na vimefinyangwa vizuri kuliko vya ng'ambo. Nilifuata kile kitambaa cha hariri mpaka kwa fundi wake, nikampa oda. Wenzangu wanaipenda sana ile habari ya mlima wa moto."

"Fundi wake nani?"

Daktari alifunga kabati. Kasuku aliondoka. Alipofika nyumbani alikuta mabeseni ya mchanga yamepangwa mpaka juu ya kitanda chake.

"Ningekuambia," dada alisema bila kugeuka, "lakini ulikuwa unamwimbia yule mdudu wako."

Kabla hajaondoka, daktari alikuwa amemwonyesha dawa ya magugu: sindano ya maji ya limau, unamchoma kila mmoja katikati. Kasuku aliijaza sindano, akaketi mbele ya kioo. Malkia akanyoosha vidole vyote kuelekea kwake, akidhani ni chakula. Kasuku akaiweka sindano chini, akachukua kibano.

Akiwa hapo mama mwenye nyumba aliingia kuchukua gauni lake. Alikuwa mwanamke asiyekubali kitu kizuri kikae kwa mpangaji.

"Hicho nini, kinavyopendeza hivyo?"

Uongo wa aina saba ulijipanga kwenye ulimi wa Kasuku. Lakini siku hiyo roho yake ilikuwa imechoka.

"Ni magugu, mama. Hayana thamani. Yataharibu kila utakachoyaweka nacho."

Mama alimkazia macho. "Magugu. Na wewe unayalisha kamba kwa kibano."

"Nimeyazoea tu."

"Usinifanye mtoto! Unataka ubaki nayo peke yako. Sema bei."

"Mama, naapa, watu wanalipa ili wayaondoe."

"Hata kodi sitakudai mpaka mwaka uishe!"

Alikibeba kitangi na pampu na kila kitu, huku Kasuku akimfuata mpaka mlangoni akimsihi, machozi yakimlengalenga, asimzidishie Malkia chumvi. Machozi yale ndiyo yaliyomhakikishia mama kwamba ameokota dhahabu.

Baada ya muda si mrefu mlango uligongwa kwa kishindo. Kasuku alichungulia, akamwona mama mwenye nyumba, akajificha nyuma ya magauni.

"Toka huko! Wamezaa wamejaa! Mashoga zangu wamepanga foleni, kila mmoja anataka wake. Nasikia hupandwa juu ya vijiwe fulani. Mnavyo?"

Kasuku alitoa kichwa katikati ya mikono ya gauni. "Mama, hivyo ni saruji tu. Dada anafinyanga hapo jikoni kwenye beseni."

Mama alitabasamu kama mtu anayemjua mtu wake. "Saruji! Ameanza tena. Nipe vyote."

Dada alisimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine.

"Hebu mwambie tena ukweli, mdogo wangu," alisema. "Safari hii polepole, nitafute mfuko."