Noela Kafunga Karanga

Jumatatu, 14 Machi 1994

Tumehamia Songea mjini kutoka Namtumbo. Leo Noela wangu kaanza shule mpya, darasa la tatu. Mwaka jana alikula karanga moja tu: midomo ikavimba, pumzi ikawa ya kuvuta. Daktari alisema karanga zinamkataa, asiziguse kabisa, na wenzake shuleni waambiwe. Mume wangu Leonce naye wimbo ni huo huo. Wanaume! Mtoto mgeni aanze kujitangaza mgonjwa? Nani atacheza naye rede?

Nimepata akili. Si ni Kwaresima? Akipewa karanga aseme amefunga karanga mpaka Pasaka. Uongo mdogo, tena wa kidini.

Jumatano, 16 Machi

Imefanya kazi. Jane, mtoto wa jirani yetu Kunegunda, kampa karanga, Noela kakataa kwa heshima. Mwalimu wa dini kamsimamisha mbele ya darasa, kamsifu. Kunegunda kaja mpaka mlangoni kunipongeza, kasema wanawe hata sukari imewashinda kuacha. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 25 Machi

Noela ana marafiki kumi na mmoja. Leonce kauliza baada ya Pasaka itakuwaje. Nimemwambia asinisumbue, nasonga ugali.

Jumapili, 3 Aprili. Pasaka

Mama yangu! Baada ya misa, watoto kumi na mmoja mlangoni, Kunegunda nyuma yao, Jane mbele na ungo wa karanga za kukaanga. Kumbe wiki zote hizi kila mmoja alikuwa anamtunzia Noela zake. Wakasema mfungo umeisha, ale. Jane kachukua moja, kampelekea mdomoni kama bibi harusi na keki. Noela kajibana ukutani.

Nikaanza kueleza kwamba ukoo wetu sisi hufunga mpaka... mpaka... Kunegunda kanikazia macho. Ndipo Noela akasema mwenyewe.

"Sijafunga. Karanga zinanikataa. Nikila navimba, nashindwa kupumua."

Jane akairudisha karanga kwenye ungo, akajifuta mikono kwenye gauni lake jipya la mtumba.

"Sasa si ungesema, wewe? Ningekuua bure."

Akawaamuru wote wakanawe. Sabuni yangu yote imekwisha. Kisha wakacheza rede mpaka jioni, Noela katikati. Nikaenda jikoni nikalia kidogo. Moshi.

Jumatatu, 4 Aprili

Jane kajifanya mlinzi. Leo kainusa chapati ya Noela kabla mwenzake hajaila. Leonce kasema sasa nimeona faida ya kusema ukweli. Nimekubali. Kweli nimejifunza.

Mchana Kunegunda kaleta kibuyu cha maziwa mgando, yangu mimi, ya kunipoza kwa yale ya jana. Maziwa hunivuruga tumbo tangu utoto. Lakini mama wa watu kaja na moyo mweupe, nitamwambiaje? Nimesema nimeweka nadhiri, maziwa siyagusi mpaka Pentekoste.

Kafurahi sana. Nimeangalia kalenda: Pentekoste ni tarehe 22 Mei. Muda upo.