Hotuba ya Kutangaza kwamba Kiwanda cha Bondeni Hakitaleta Foleni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya wengine wote kupata udhuru ni mimi pia. Mheshimiwa Naibu wangu, unayenishikia mwavuli. Waheshimiwa wajumbe wa Jopo la Mapitio ya Tathmini ya Athari za Trafiki. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo inayolisimamia jopo hilo. Waheshimiwa mnaoisimamia kamati ndogo. Shemeji yangu, Mshauri Mwelekezi. Wazee mliopewa viti. Akina mama mliopewa jua. Vijana mliokaa juu ya ukuta wa zahanati, shukeni. Na ninyi wananchi wa kawaida, ambao hamkuwekewa nafasi katika ratiba lakini mmekuja hivyo hivyo: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, na kwa kweli nimekuwa nayo tangu asubuhi, kwa sababu leo tunapokea matokeo ya kazi kubwa, ya kisayansi, ya kiteknikali na shirikishi, ambayo haijapata kufanyika mahali popote ninapopajua. Swali lilikuwa moja tu. Kiwanda kinachopendekezwa kujengwa kule bondeni kikianza kazi, malori yake yataleta foleni kiasi gani katika barabara hii inayopita mbele ya zahanati? Watu wa kukurupuka wangejibu kwa kukisia. Sisi tulianzisha mchakato. (Makofi kutoka meza kuu. Shemeji anasimama, anainama, anakaa.)

("Tufungulieni barabara!" Ni sauti ya mshonaji, ambaye cherehani yake iko kibarazani hapo mkabala.)

Nimekusikia, mama. Kila jambo lina kipengele chake, na lako liko kipengele cha mwisho, kinachoitwa Mengineyo. Vuta subira.

Kwa faida ya wageni, na kwa faida ya wenyeji ambao wamekuwa wakielezea jambo hili kwa lugha isiyo ya staha, naomba nifafanue kuhusu kizuizi. Ni kweli kwamba barabara hii imefungwa kwa mapipa mawili yaliyojazwa saruji, pamoja na mnyororo, na hata mwenda kwa miguu haruhusiwi kupita. Ni kweli pia kwamba imefungwa tangu mapitio yalipoanza. Lakini jiulizeni wenyewe, ndugu zangu: mtaalamu gani duniani anaweza kupima trafiki kwa utulivu huku trafiki yenyewe inampita mbele ya pua? Vumbi lingeingia katika data. Ndiyo maana tukaifunga barabara kwanza, tukaihesabu baadaye.

(Kicheko. Kinaanzia ukutani kwa vijana, kinafika kwa wazee.)

Asanteni kwa kufurahi. Shemeji yangu aliketi hapo, chini ya mwavuli, akiwa na kile kidude cha kubonyeza kila gari linapopita. Alikuja asubuhi, akaondoka jioni, hata chakula aliletewa palepale na dada yake, ambaye ni mke wangu, kwa kujitolea. Katika zoezi zima alibonyeza mara moja tu, na uchunguzi umeonyesha kwamba wakati huo alikuwa anapiga chafya. Tumeiondoa chafya hiyo katika matokeo. Kwa hiyo natangaza rasmi kwamba asilimia mia moja ya magari yaliyopita katika barabara hii hayakusababisha foleni yoyote! (Meza kuu inasimama. Naibu anataka kupiga makofi, mwavuli unamwinamia Mheshimiwa usoni, anaacha.)

(Mkunga wa zahanati anainua mkono, kisha anasema bila kungoja aruhusiwe: "Mheshimiwa, magari hayapiti kwa sababu mmeyazuia. Lango la zahanati liko ng'ambo ya kizuizi, na gari letu la wagonjwa limekwama huko. Wajawazito tunawazungusha kwenye machimbo ya kokoto, kwa miguu. Juzi mmoja amejifungulia huko huko, juu ya kokoto.")

Nakushukuru sana, dada mkunga, kwa mchango huo uliojaa takwimu. Taarifa za mtoto yule tunazo. Tumemwingiza katika ripoti, ukurasa wa nguvukazi tarajiwa ya kiwanda.

("Basi muingize na huyu!" Mshonaji amesimama, kidole kinaelekea mkekani alipoketi mkwe wake, tumbo mbele, miguu imevimba. "Mke wa mwanangu huyu. Ni leo au kesho. Nikilazimika kumpitisha kwenye kokoto, baba, wallahi nitakupitisha na wewe, tena pekupeku!")

(Kicheko kikubwa.)

Mama, kulitisha jopo ni kulichelewesha jopo. Tena nataka nikutoe wasiwasi. Kizuizi hiki si cha milele. Jopo limeazimia, nami nimetia saini mbele ya mpiga picha, kwamba mapipa yataondolewa siku ileile kiwanda kitakapofunguliwa. Siku hiyo hiyo! Hatutapoteza hata saa moja.

("Kiwanda chenyewe cha nini?" Anayeuliza ni Mzee Spana, fundi wa gereji iliyofungwa kwa kukosa magari. Amekaa juu ya kisanduku cha vifaa vyake. "Kitatengeneza nini? Maana tangu uanze kukisema hujawahi kutuambia.")

Hilo ni swali zito, mzee wangu, na maswali mazito hayapewi majibu mepesi. Ipo kamati ndogo ya bidhaa. Baadhi ya wajumbe wanataka misumari. Wengine wanataka sabuni ya kuogea. Tunatafuta mwafaka utakaoridhisha pande zote mbili bila kumuumiza mtumiaji. (Mzee Spana anashika kichwa.)

Sasa twende kwenye makadirio, maana uongozi ni kuona mbele, na mimi, bila kujisifu, nimejaliwa kuona mbele kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye ofisini kwangu. Mshauri Mwelekezi amekadiria kwamba mwaka wa kwanza malori yatakuwa sifuri. Mwaka wa pili yataongezeka mara tatu ya hapo. Mwaka wa tatu, kiwanda kikishapamba moto, yatafika mara kumi! Na bado barabara itakuwa nyeupe. Hesabu hiyo shemeji ameirudia mara mbili na imeleta jibu lile lile, jambo ambalo, sisi wa familia tunajua, si kawaida yake.

Lakini hatukubweteka. Tutajenga maegesho ya foleni, ili foleni ikitokea iwe na mahali pa kukaa. Tutaweka taa za kuongozea magari zenye rangi nne: nyekundu, njano, kijani, na moja ya heshima kwa ajili ya msafara wangu. Tutapanda maua katikati ya barabara, na kuajiri mtu wa kuyaambia malori yasiyakanyage. Haya yote yako kwenye strateji, na strateji iko kwenye jalada, na jalada liko mahali salama ambapo hata mimi sijaruhusiwa kufika. (Makofi machache. Mjumbe mmoja wa jopo amesinzia, mwenzake anapiga makofi kwa niaba yake.)

Nikija kwenye sura ya nne, inayohusu uzoefu wangu binafsi...

(Mkwe wa mshonaji anashika ukingo wa mkeka, anafumba macho. Mkunga amekwisha kupiga magoti kando yake. Wanawake wanasogea, wanafanya duara.)

Naomba utulivu huko nyuma. Akina mama, tafadhali, mnawaziba wenzenu wasinione.

("Utungu huo," anasema mkunga.)

Pole yake. Mwambieni ajikaze kidogo, tumebakiza sura tatu.

("Hii mimba ya nne, Mheshimiwa. Huyu mtoto hatapiga hodi.")

Basi apelekwe kwa utaratibu, kwa njia mbadala iliyoainishwa.

("Kwenye kokoto?" Mshonaji hapigi kelele sasa. Anaongea taratibu, na hiyo inatisha zaidi. "Mwanangu yuko mbali kazini. Aliponiachia huyu aliniambia, mama, nakuachia roho yangu. Sasa nikamwambie nini? Kwamba tulikuwa tunasubiri malori?")

(Mzee Spana anainuka. Anafungua kisanduku, anachagua bisibisi, anairudisha, anatoa mtaimbo. "Vijana," anasema, "shukeni ukutani. Leo mmeombwa na wawili.")

Naam! Vijana wameshuka. Huo ndio utii ninaoupenda. Naona pia baadhi yenu mnaelekea upande wa kizuizi, na nalichukulia hilo kuwa ni shauku ya kwenda kupaona mahali kiwanda kitakapojengwa. Nendeni, mkakague. Lakini msiguse kitu. Mzee, huo mtaimbo ni wa nini? Mzee! Kuondoa pipa kunahitaji kikao! Kikao kinahitaji akidi! Akidi inanihitaji mimi, na mimi nipo hapa, nahutubia!

(Mnyororo unalia, unakatika. Watu wanahesabu kwa pamoja, wanasukuma. Pipa la kwanza linalala ubavu, linabingirika hadi kwenye mtaro. La pili linafuata.)

Naibu wangu, kawazuie. Nipe huo mwavuli. Kwa nini unakimbia kabla sijamaliza kukutuma? (Naibu amefika kwenye kizuizi. Amekunja mikono ya shati na anasukuma pamoja na wengine.)

(Gari la wagonjwa linawaka upande wa pili, linakohoa moshi, linakuja. Honi haikomi. Linawabeba mkwe, mkunga na mshonaji, linageuka, linapita mbele ya jukwaa, linakata kona kuingia zahanati. Shemeji ameshtuka usingizini. Anabonyeza kidude.)

Umebonyeza? Umebonyeza kweli, si chafya? Ndugu zangu, mmeshuhudia wenyewe! Limepita gari moja na hapakuwa na foleni. Matokeo yamethibitishwa papo hapo, hadharani, bila vumbi! Sasa mtu asiniambie tena kwamba jopo langu halikufanya kazi.

Kwa mafanikio hayo, naomba tuitikie kwa nguvu. Kiwanda hoyee! (Watu wote wako kwenye lango la zahanati.) Foleni sifuri hoyee! (Kuku anaitikia.) Uongozi makini hoyee! ("Hoyee," anasema fundi wa vipaza sauti, peke yake, kwa sababu hawezi kuondoka bila nyaya zake.)

Nimalizie kwa shukrani. Nalishukuru jopo, lililotembea kona zote za meza. Namshukuru shemeji yangu, na dada yake aliyenisisitiza kumshukuru. Na kwa namna ya pekee namshukuru mwekezaji wa kiwanda hiki, mtu mnyenyekevu kupita kiasi, ambaye mpaka leo hajajitokeza, hajaandika, hajapiga simu, wala hakuna anayemfahamu. Kusema kweli, na sasa naweza kusema kwa kuwa naona mmebaki wawili, namshukuru yule nzi. Mtakumbuka nilipokuja kuzindua choo cha soko. Nzi mmoja alinisumbua sana. Nikampungia mkono aende zake, upande wa bondeni, huku nasema, "Kule, kule!" Wasaidizi wangu, watu wepesi wa kuelewa, wakaandika kwamba Mheshimiwa ameonyesha eneo. Asubuhi yake nikakuta kuna eneo. Jioni palikuwa na kiwanda. Kufikia mwisho wa juma kilikuwa na kamati, na kitu kikishakuwa na kamati, ndugu zangu, nani ana ujasiri wa kuuliza kama kipo? Mimi sikuwa nao. Nilidhani wanajua. Wao walidhani najua. Na nzi, kwa kumbukumbu zangu, hakwenda bondeni. Alirudi.

(Fundi wa vipaza sauti ameacha kukunja nyaya. "Kwa hiyo barabara ilifungwa kwa ajili ya nzi?")

Hilo, kijana, tutalijadili kwenye Mengineyo.

(Kutoka zahanati inasikika sauti nyembamba, kali, ya mtu aliyefika sasa hivi na hajaridhika na chochote. Kisha vigelegele, na makofi: ya lango zima, ya ukuta mzima, ya Naibu, ya Mzee Spana anayepiga mtaimbo kwenye pipa lililolala mtaroni. Nyuma yake mkokoteni wa kwanza unapita barabarani, na baiskeli nyuma ya mkokoteni.)

Asanteni. Asanteni sana. Kwa kweli sikutegemea. Nimehutubia miaka mingi, lakini makofi ya namna hii sijawahi kupigiwa.